Gunia Kati ya Wakwe

Macho yalimwacha Wegesa kidogo kidogo, kwanza la kushoto, halafu la kulia, mpaka mwaka huu akafikia kuisalimia nguzo ya zizi akidhani ni jirani. Jumapili moja ikatangazwa kanisani kwamba madaktari wa macho watakuwa Bomani, mjini Tarime, siku mbili tu, Jumatano na Alhamisi. Mwenye mtoto wa jicho atapasuliwa siku hiyo hiyo. Baada ya hapo watakwenda zao, na watarudi lini, hakuna aliyejua.

Jumatano asubuhi akaomba apigiwe simu bodaboda. Akaja Revocatus, kijana wa kijiweni, mwenye mdomo mwepesi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mpaka Bomani?"

"Elfu ishirini."

"Mwezi wa tatu ulinipeleka kwa kumi na mbili!"

"Mwezi wa tatu petroli ilikuwa mwenzetu, bibi. Siku hizi imekuwa bwana mkubwa, haisalimii mtu. Halafu kuna elfu mbili ya kuniita. Nimechoma mafuta kukufuata huku Nyanungu ndani."

"Yaani nikulipe kwa kuja kuniambia kwamba siwezi kukulipa?"

Revocatus alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini kicheko hakijazi tangi. Wegesa alikuwa na elfu tisa, za kuku wawili aliowauza, na kwa elfu tisa hakuna pikipiki iliyotoka Nyanungu siku hiyo.

Zamani mgonjwa wa huku hakuulizwa nauli. Vijana wa rika moja walikata miti miwili, wakafunga blanketi katikati, wakambeba kwa kupokezana, na walirudi wakiimba. Leo wajukuu wao wana magurudumu na simu, na mwanamke mzee anabaki uani kwake na mfuko wake mkononi.

Jioni akaja binti yake, Mokami, kwa miguu, mimba ya miezi minane mbele yake kama mtungi.

"Mama, Mniko ana pikipiki."

Mniko alikuwa mume wa Mokami, naye ni wa bodaboda, lakini kati ya mama mkwe na mkwe kuna ensoni, haya ile ambayo Wakurya waliikuta kwa baba zao. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawagusani hata kwa bahati mbaya. Mniko akimwona Wegesa njiani huingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Katika miaka saba ya ndoa ile Wegesa hakuwahi kuutazama uso wa mkwe wake, na alipoanza kupofuka alisema kwa utani kwamba Mungu amemrahisishia kazi.

"Kesho ndiyo siku ya mwisho, mama."

"Nikakae mgongoni kwa mkwe wangu, watu wanaangalia? Bora nibaki na giza langu. Limeshanizoea."

"Basi nitakaa mimi katikati."

"Na tumbo hilo? Unataka kuzalia njiani?"

Mokami akaanza kulia, polepole, kama mtu aliyechoka. "Nitajifungua mwezi ujao," alisema. "Nilitaka umwone mtoto."

Wegesa akanyoosha mkono, akalitafuta lile tumbo, akaweka kiganja chake juu yake.

Alhamisi kulipokucha akasikia pikipiki ikizimwa nje ya ua. Mniko alikuwa amesimama akiipa nyumba mgongo. Nyuma ya kiti chake amelifunga gunia lililojazwa maganda ya mahindi, limesimama kama mtu wa tatu, limefika mabegani. Mokami akamwongoza mama yake, akampandisha nyuma ya lile gunia, akamwambia alikumbatie.

Mniko akasema, uso wake mbele: "Wewe pikipiki, sikiliza. Uliza kama mzigo wa nyuma umekaa vizuri."

Wegesa alikaza midomo asicheke. "Pikipiki," akasema, "mwambie mwenye mali kwamba mzigo umekaa, ila mzigo ni mzee, asikimbie."

"Pikipiki, umesikia. Twende mwendo wa ng'ombe wenye maziwa."

Wakaenda hivyo. Wapo watakaocheka, wale waliosoma wakasahau walikotoka. Wacheke. Watu wawili walishikilia desturi kwa gunia la maganda, wakati wenye vyeti waliitupa bure.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kilima kimoja kibaya tairi ya nyuma ikateleza, pikipiki ikayumba kuelekea mtaroni, kamba ikalegea na gunia likaanguka. Mikono ya Wegesa ilitafuta cha kushika ikakuta mabega ya mtu. Ikashika. Mniko alitupa miguu yote miwili kwenye tope, akaizuia pikipiki kwa nguvu zake zote, akihema.

Hakugeuka. Wegesa alijua anapaswa kuachia. Vidole vilikataa. Alihisi mabega yale yakitetemeka, akashangaa, maana siku zote alimfikiria mkwe wake kama mtu asiyeogopa kitu.

"Pikipiki," Mniko akasema, "mwambie mama asiogope."

Hakusema mzigo. Alisema mama.

Akasubiri mpaka mikono ile ilipojiondoa yenyewe, akaliokota gunia, akalifunga upya, na safari ikaendelea. Hakuna aliyelitaja jambo lile tena.

Hospitali walimpokea wa mwisho kwenye orodha. Akapasuliwa jicho la kulia, akalala kwa Teresia, mpwa wa marehemu mumewe, hapo hapo Bomani. Asubuhi Teresia akamrudisha hospitali, nesi akamfungua kitambaa.

Mwanga ulimwingia kama maji baridi. Akaona dirisha. Akaona mikono yake, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi?" Nesi akacheka. Teresia akamwambia kwamba mkwe wake hajarudi nyumbani tangu jana, yuko getini anamsubiri. Simu yake ilikuwa ikiita, abiria wa mjini wanaolipa bei hiyo mpya bila kubisha, na kila mmoja alimjibu kwamba ana mtu.

Wegesa akatoka taratibu, mkono ukutani. Mniko alikuwa amesimama getini, ameupa mlango mgongo, ili mama mkwe apite bila aibu. Mgongo wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko alivyoudhania. Shati limepauka mabegani kwa jua la barabarani, na shingoni kulikuwa na kovu ambalo Mokami hakuwahi kulitaja.

Uso una mwiko wake. Mgongo hakuna aliyeukataza. Wegesa akasimama pale mlangoni akautazama, akautazama, mpaka Teresia akamuuliza kama jicho linamuuma.