Rohini na Kitabu cha Fahali

Rohini ndiye msomaji wetu. Kwenye banda letu la kusokota sigara za majani hapa Kannur, kusini mwa India, mmoja hukaa kwenye kiti akatusomea kwa sauti, wengine tunasokota, na jioni kila mtu anamtilia fungu la sigara alizosokota kwenye ungo wake, lihesabiwe kuwa kazi yake. Rohini mwenyewe alisokota tangu alipoacha shule, mpaka vidole vikakakamaa, havikunji tena jani. Kiti hicho kikiondoka, na wali wake umeondoka.

Safari hii tulinyoosha mikono kama kawaida, tukachagua kitabu tulichokisoma shuleni, cha fahali aliyefanywa waziri kwa kuwa anatafuna polepole na kuonekana mwenye busara. Darasani tulicheka mpaka mwalimu akatutoa nje. Alituambia fahali ni wale makabaila wa zamani, tukaamini. Sasa Rohini anasoma na sauti inazidi kufifia. Fahali kaahidi mvua. Fahali kazindua daraja lile lile mara mbili. Rohini akatupia jicho mlango, nami nikautazama, maana sote tunamjua mtu aliyezindua choo chetu mara mbili.

"We Rohini, mbona unanong'ona?" Chirutha akamtania. Yeye ndiye mkubwa wetu, na mdomo wake hauna breki. "Au fahali kalala?"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Ndugu Mukundan, mwenyekiti wa ushirika wetu, akaketi juu ya gunia la majani. Rohini akafunua kurasa mbili kwa pamoja.

"Umeruka," mwenyekiti akasema. "Nilikisoma hicho nikiwa mtoto. Rudi pale wanapompa kichekesho, ndipo penye utamu."

Rohini akarudi. Maofisa wanamsimulia fahali kichekesho cha fahali mjinga. Yeye anacheka kuliko wote, nao wanamtazama mdomo, wasije wakanyamaza kabla yake.

Mwenyekiti akacheka, tumbo likamtikisika. "Huyo ni mwenyekiti mwenzangu wa ushirika wa ng'ambo ya mto, yeye hasa."

Nasi tukacheka. Nilicheka huku nikimtazama mdomo, kisha nikageuka, nikakuta banda zima linamtazama mdomo. Utotoni sikujua kwamba mle kitabuni na sisi tumo. Naye akayaona yale macho. Kicheko kikamkatika.

"Nani kachagua kitabu hiki?"

Rohini akafumbua mdomo ajitwishe lawama. Chirutha akamuwahi. "Tulipiga kura, Ndugu Mwenyekiti. Kama tulivyokupigia wewe."

Mwenyekiti akatoka bila kuaga.

Kesho yake tulikuta redio juu ya kile kiti, inaimba kwa nguvu. Karani wa mwenyekiti akatuambia msomaji hahitajiki tena. Rohini alisimama mlangoni, kitabu kwapani, uso umemshuka. Niliogopa, sitaficha, kwa sababu majani ya kusokotea anagawa mwenyekiti, na asiyepewa majani hana kazi.

Chirutha akasogea kwenye mkeka, akapigapiga mahali pa kukaa. Akachukua fungu lake la kwanza, akalitupa kwenye ungo wa Rohini. Nami nikatia langu.

"Kaa hapa, mdogo wangu," Chirutha akasema. "Redio na iimbe. Anzia pale fahali anapocheka, na leo usinong'one."