Mpira Uliompa Bolamba Pumzi

Siku ya kwanza nilipoingia depo ya karakana ya meli za mtoni, hapa Kisangani, nilivaa kitenge kipya na viatu vya kuazima, nikidhani nimeajiriwa kuandika. Nilikuwa nimetoka Kindu na cheti changu mkononi. Mkuu wa depo, mzee mwenye suti ya abakosti iliyopauka kwa kufuliwa, hakukitazama. Alinipa kipande cha bomba la mpira.

"Nusa, mutoto yangu. Unasikia nini?"

"Petroli, papa."

"Bon. Ile iko ya kuvuta mafuta. Usiipatie mutu hata siku moja. Akipumua ndani yake, ataanguka."

Basi nikaanza kazi kwa pua. Cheti kilikaa kwenye mkoba, nacho kikazoea.

Vijana wa leo mnanunua mpira kwa rangi yake. Sisi tulisoma kwanza maandishi ya ubavuni, yanayosema unavumilia shinikizo gani. Usio na maandishi tuliutumia kumwagilia bustani, hata ukiwa unang'aa vipi. Kisha tuliukunja kutafuta nyufa, tukaupapasa wote kutafuta uvimbe. Mwisho wa mpira hukaa rakori, kiungo cha shaba ya manjano chenye meno. Husukumwa ndani ya mpira kwa nguvu, halafu hubanwa kwa vibano viwili. Hesi za rakori, yale meno ya kuzungushia, nazo zina makabila yake: ikizunguka mara mbili ikakwama, si mwenzake, usiilazimishe. Tukimaliza tunajaza hewa, kwa shinikizo kubwa kuliko la kazi, tunauzamisha kwenye pipa la maji, tunatazama mapovu.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mzamiaji wetu aliitwa Bolamba, mzaliwa wa Yanonge. Alishuka chini ya meli kufungua rafadha au kuziba tundu, kichwa chake ndani ya kofia ya shaba, na hewa ilimfikia kwa mpira mrefu kutoka kompresa iliyokaa ukingoni. Maji ya mto wetu ni mekundu kama chai. Huko chini mtu haoni hata mkono wake. Labda ndiyo maana nchi kavu alikuwa na maneno mengi hivyo. Kila asubuhi aliniita raia, kama serikali ya enzi zile ilivyoamuru, akiuliza, "Citoyenne Sifa, leo nitapumua?" Namjibu, "Ukinyamaza kidogo, itatosha."

Sasa niwaambie kosa langu, maana sitaki mlisikie kwa wengine.

Kusukuma rakori ndani ya mpira ni kazi ya jasho. Mkuu alinifundisha kuchovya mwisho wa mpira kwenye maji moto na kuupaka sabuni, uteleze. Mwaka mmoja sabuni ilikosekana mjini, tukafua kwa majivu. Mkuu akaenda likizo. Nikabaki na mipira miwili ya kufunga, na chakula changu cha mchana kikiwa kando: sombe, majani ya muhogo, iliyoogelea kwenye mawese. Mawese hayakosekani Kisangani. Tunapikia, tunajipaka, tunalainishia bawaba. Nikapaka kidogo kwenye rakori, ikaingia bila ubishi. Nikaipima kwenye pipa, hakuna povu hata moja. Nikajisifu.

Baada ya wiki tatu mkuu alirudi. Akachukua mmoja wa mipira ile, akabonyeza mdomo wake kwa dole gumba. Ulibonyea kama ndizi iliyoiva.

"Ulitia nini humu?"

"Mawese, papa."

Hakufoka. Afadhali angefoka. "Mawese inakula mpira, mutoto yangu. Inakula polepole. Ulifunga ngapi hivi?"

"Miwili."

"Na ya pili iko wapi?"

Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, kwa maana mpira wa pili nilikuwa nimemkabidhi Bolamba asubuhi ile ile.

Nilifika ukingoni bila viatu. Kompresa inanguruma, mapovu yanapanda kando ya meli. Mkuu wa karakana alikuwa amesimama pale na beji ya chama kifuani, anatazama saa. Meli ilitakiwa kuondoka saa sita na wajumbe wa chama.

"Mumupandishe," nikasema. "Mpira ile iko mbaya, rakori inaweza kutoka. Ni mimi nilikosa."

"Citoyenne, amebakiza kukaza bulo mbili tu za rafadha. Rudia ku depo," mkuu wa karakana akajibu.

Mshika kamba ya kumpa mzamiaji ishara, mtu mzima mwenye watoto, alinitazama. "Uko hakika itatoka?"

"Sina hakika. Ndiyo maana naomba apande."

Alivuta kamba mara nne, ishara ya kupanda. Mkuu wa karakana akapiga kelele, lakini kamba ikishavutwa haivutwi kinyume. Sijawahi kuona mtu anachelewa kupanda kama Bolamba siku ile. Alipoketi kwenye ubao na kuvuliwa kofia, nilishika mpira pale ulipounganika nayo, nikavuta kwa mkono mmoja. Rakori ikabaki kwenye kofia. Mpira ukabaki mkononi mwangu, unapuliza hewa usoni pangu.

Kisha mkuu wa karakana akasema nikusanye vitu vyangu.

"Non, chef," Bolamba akasema, angali anatweta. "Mutu anakuya kusema 'nimekosa' wakati mimi niko chini, ule ndiye nataka afunge mpira yangu. Ukimufukuza, kesho utaingia mu maji weye mwenyewe."

Mkuu wa karakana hakujua kuogelea. Nilibaki.

Nilifanya kazi chini ya wakuu wengine watatu. Miaka miwili niliazimwa kwenye bwawa la Tshopo, kuhudumia mipira ya nyundo za hewa za kuvunjia mawe. Huko Bolamba alinifuata na mpira begani, kwa miguu, kila alipotakiwa kushuka, kwa kuwa hakukubali mkono mwingine. Nami sikumfungia hata mmoja bila kuupima mara mbili kwenye pipa. Niliiogopa kazi ile hadi siku nilipostaafu. Nilimpenda yule mtu kama ndugu wa tumbo moja, na sikumwambia.

Alikufa mzee, kitandani kwake Yanonge. Nilishuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa gogo, kwenda matangani, nikakaa nyuma kama mgeni. Mkewe, ambaye sikuwahi kumwona, akauliza Sifa wa depo ni nani. Nikainua mkono. Akaja akapiga magoti mbele yangu, mjane mbele ya watu wote, akanishika vidole hivi vyenye makovu ya vibano.

"Mama Sifa," akasema, "ulikuwa unanirudishia yeye kila jioni."