Risasi Nyepesi kwa Bega la Ami Nasor

Nilikwenda Maskati kwa sababu ya bega. Bega lenyewe si langu, ni la Ami Nasor, mdogo wake marehemu baba yangu, baba mmoja mama mbalimbali. Alizaliwa hapa kwetu Tabora, akaondoka kijana, akazeekea Omani. Mwaka jana aliteleza bafuni na bega la kulia likafanyiwa upasuaji. Daktari akamwambia kazi nyepesi anaweza, nzito basi. Ami akamuuliza swali ambalo nadhani daktari yule hakufundishwa chuoni: na gobori je?

Kila mwaka wakati wa baridi, Ami na wazee wenzake hukutana Yiti, nje ya Maskati, kulenga shabaha kwa magobori ya zamani, yale ya kushindilia baruti mdomoni na kuwasha kwa utambi. Wanyama wa huko wanalindwa, kwa hiyo mawindo yao ni ubao mweupe. Salim, mwanawe wa pekee, ndiye aliyenipigia simu. "Dada Mwajuma, akipiga na bega hilo atalivunja. Akikatazwa, ataugua kwa huzuni. Wewe mtoto wa fundi, fanya kitu."

Ni kweli, baba alikuwa fundi wa magobori ya wawindaji wenye vibali, na mimi nimerithi nyundo na maneno yake makali. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: risasi nzito huwapiga wawili, aliye mbele na aliye nyuma. Kwa kanga au paa, alisema, nyepesi inatosha, na bega lako utarudi nalo nyumbani. Nikafunga safari na kalibu moja tu, ile ndogo ya kusubu risasi za paa.

Uwanja wa ndege wa Maskati, asubuhi, ofisa aliigeuza kalibu huku na huku, akaifungua na kuifunga kama koleo. Nilimweleza kwa Kiarabu changu cha madrasa. Akaita mwenzake, mwenzake akacheka, akasema kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Babu yangu alikuwa nayo. Pita, bibie."

Nyumbani, Ami alinisubiri mlangoni, mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitazama au kunipokonya bunduki?"

Nikamwonyesha kalibu. Aliingiza kidole kwenye tundu lake, uso ukamshuka.

"Hii ya kupigia njiwa. N'naona haya mie, watu watanicheka."

"Watakucheka zaidi wakikuona umelala chali."

Alicheka mpaka akakohoa, na nikamwona baba katika kicheko kile. Ilibidi niombe maji ya kunywa.

Siku ya pili tulikwenda Sidab, kwa wavuvi, kutafuta madini ya risasi. Yaliyo laini kuliko yote, huwa nawaambia wateja wangu, ni ya chubwi, vile vizito vya kuzamishia mishipi. Mvuvi mmoja alituuzia kopo zima, akauliza tunakwenda kuvua samaki gani. "Wa ubao," Ami akajibu, na yule bwana akaona bora asiendelee.

Kutoka hapo tulielekea Rusayl, kwenye karakana ya Salim ya madirisha ya alumini. Chubwi tuliziyeyushia uani, kwenye upepo, Salim amevaa glavu na kuogopa kwa niaba yetu sote. Risasi zilitoka ndogo, zikacheza ndani ya mtutu. Hilo si kosa. Risasi ndogo huvishwa kitambaa kinene ndipo ikae sawasawa. Salim alitoa fulana yake ya michezo. Nilimrudishia, maana nailoni huyeyuka na kuganda mtutuni, na jioni nyumbani nikakata shuka la pamba la mama yake, Mungu anisamehe.

Yiti, Jumamosi asubuhi, tulifika kabla ya wazee wenzake ili Ami ajaribu mara moja. Mbele yetu ulisimama ubao, na nyuma yake tuta kubwa la udongo.

Sasa, wazee hawapimi baruti kwa kijiko. Risasi huwekwa katikati ya kiganja, baruti ikamiminwa juu mpaka ifunikwe isionekane. Ndiyo maana nilikuwa na matumaini: risasi ndogo hufunikwa na baruti kidogo, na teke la bunduki linapungua mara mbili. Ami alitugeuzia mgongo akapima. Akamimina baruti mtutuni, akavisha risasi yangu kitambaa, akaishindilia kwa mdeki, akawasha.

Mlio ule haukuwa wa risasi ya paa. Ami alirudi hatua tatu, akainama, midomo imekuwa myeupe.

"Khalas, Baba," Salim alisema, machozi yanamlenga. "Lete bunduki. Mwaka huu hupigi, na mwaka mwengine hupigi."

Mimi nilikuwa na hofu, na hasira ya fundi pia. Kazi yangu haipigi mtu hivyo. Nikaona ngumi yake ya kushoto bado imefumbwa. "Ami, fungua mkono."

Alisita kama mtoto aliyeficha peremende, kisha akaufungua. Kiganjani mlikuwa na risasi kubwa, nyeusi, imelainika kwa kushikwashikwa.

"Umepimia hii, halafu ukatia ndogo?"

"Siku zote napimia hii. Mkono ushazoea." Aliitazama. "Kanipa baba yako siku n'naondoka Tabora. Tulikuwa tukigawana risasi za mawindo, ikabaki moja. Alipokufa, habari zilinifika keshazikwa, siku tatu zishapita. Sikumtia mchanga ndugu yangu kaburini, hata ile mikono mitatu, Mwajuma. N'nayo hii tu."

Nililia waziwazi, na sioni aibu kuwaambia. Salim alimshika babake kiuno.

Baada ya muda Ami akaninyooshea ile risasi. "Iyeyushe."

"Hapana, Ami. Iweke. Utapimia ndogo, basi."

"N'nakwambia iyeyushe. Bega hili haliiwezi tena. Niitolee iliyo nyepesi."

Tulikoka makaa ya kahawa, Salim akaleta kalibu garini na kushika upawa wa chuma. Risasi ya baba ilichelewa kulegea, kisha ikang'aa ghafla. Nilijaza kalibu, tukangoja ipoe. Ziada ilibaki upawani, kipande kidogo bapa.

Ami alipumzika hadi wenzake walipojaa na zamu yake ikafika. Mara hii alipima mbele yangu. Baruti iliifunika risasi upesi, na mkono wake ukataka kuendelea kumimina. Nikamgusa kiwiko. Akaacha.

Bunduki ililia kwa sauti ndogo. Bega lilisogea kidogo tu, kama mtu aliyesalimiwa kwa nyuma. Ubao ulikuwa umetoboka ukingoni, chini kabisa, na wazee wenzake walishangilia utadhani amepiga katikati. Ami aliuzungusha mkono polepole, akatikisa kichwa kwamba hakuna maumivu.

Salim alichomoa kisu akakimbilia tutani kuichimbua ile risasi. Ami akamzuia. Alikwenda mwenyewe, akainama penye tundu ilimoingilia, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akaumimina tunduni. Akafanya hivyo mara tatu, midomo ikisoma. Wazee walitazamana, wasijue kwa nini.

Nilirudi Tabora baada ya wiki, kalibu nimemwachia Ami. Zamani mteja akija, nilimuuliza anawinda nini, nikamchagulia risasi. Siku hizi namwomba kwanza anionyeshe anavyopima baruti, na kama anashika kitu kingine mkononi namuuliza alipewa na nani.

Siku niliyofika sikupita hata nyumbani. Nilishuka na begi langu makaburini, nikakaa kando ya baba. "Baba," nikamwambia, "Nasor ameshakutia mchanga."