Nilichimba Jiwe la Mizani la Mama Ili Gari Langu Lisinyanyue Pua

Ni mimi. Sina haja ya kuzungukazunguka. Nililichukua jiwe la mizani la mama yangu, lile la kilo mbili, nikalitoa madini ya risasi tumboni, kisha nikaziba tundu kwa posho ya jana, yaani ugali. Posho! Ile ile tunayokula na maharagwe!

Kama unacheka, cheka haraka umalize. Mimi nilicheka wiki mbili nzima, halafu kicheko kikanitokea puani.

Niko senior tatu, yaani kidato cha tatu, hapa Busia, upande wa Uganda. Mama yangu anauza nafaka sokoni: njugu karanga, maharagwe, na wimbi wa wakulima wa Dabani. Watu wanamwita Mama Nekesa, kwa jina la dada yangu mkubwa. Hawamwiti kwa jina langu, na baada ya kusoma haya utaelewa kwamba ni bahati yake.

Mimi nina vipaji viwili tu duniani. Cha kwanza ni kuigiza sauti ya mwalimu mkuu mpaka darasa la jirani linasimama. Cha pili ni kutengeneza magari madogo. Hiki cha pili ndicho kilichoniponza.

Gari lenyewe halikuwa la kukokota kwa kamba kama la mtoto wa chekechea! Lilikuwa gari la mbio za dragi. Unayajua? Yale marefu, membamba kama panzi, nyuma matairi manene kama vinu, mbele vigurudumu kama vya baiskeli ya paka. Yanasimama mawili sambamba, taa inawaka, yanafyatuka mstari mmoja ulionyooka, na kabla hujapiga chafya mbio zimekwisha. Niliyaona kwenye simu ya rafiki yangu nikakosa usingizi.

Binamu yangu Emoru, anayekaa Tororo, naye alikosa usingizi. Tukakubaliana kila mmoja ajenge lake, dogo, urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, tushindane Jumamosi kwenye sakafu ya ghala tupu karibu na kwao. Sheria ilikuwa moja na ilikuwa kali: kila kipande ukitengeneze mwenyewe. Mota na betri tuliruhusiana kung'oa kwenye vitu vilivyokufa. Ukikamatwa na kipande cha dukani, umekwisha, na utaitwa "mteja" mpaka uzeeni.

Basi nikajenga! Fremu nilitengeneza kwa mbavu za mwavuli uliovunjika, nikazifunga kwa waya mwembamba na kuzipaka gundi. Mabomba ya moshi, manne kila upande, nilikata kwenye mirija ya kalamu, nikaipasha kwenye mshumaa ikapinda vizuri kama ndizi. Injini ya maonyesho niliikunja kwa bati la kopo la nyanya. Matairi ya nyuma niliyachonga kwenye soli ya ndala, nikayazungusha kwenye mota yenyewe huku nimeshika msasa, mpaka yakawa mviringo kuliko uso wa mwalimu wetu wa dini. Mota ilitoka kwenye redio ya kaseti ya marehemu babu. Asinichukie huko aliko.

Spoku ya kutengenezea ekseli nilipewa na Mzee Okumu. Huyu lazima umjue. Miguu yake haijamtii tangu utotoni, ana baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono, na kazi yake ni kuvusha mizigo ya watu mpakani. Njugu za mama zinazokwenda kwa wateja wa upande wa Kenya zilikuwa zinapita kwake.

"Chukua, injinia," aliniambia. "Ukitengeneza gari la kweli, mimi ndiye abiria wa kwanza."

Gari nililibatiza jina la Askofu, kwa sababu linapita katikati na halisalimii mtu.

Tatizo likaja Alhamisi. Nililiweka Askofu kwenye varanda, nikaunganisha betri, likanyanyua pua juu, likapinduka chali, magurudumu yakawa yanazunguka hewani kama mende anayekata roho! Nikarudia. Chali! Nikafunga msumari puani. Chali! Pua yenyewe nyembamba kama kidole, haina nafasi. Nilihitaji kitu kidogo sana na kizito sana, ambacho ningeweza kukiunda mwenyewe.

Macho yangu yakaenda kwenye mizani.

Labda hujawahi kuligeuza jiwe la mizani. Chini yake pana tundu, na ndani ya tundu wamemimina risasi. Hiyo ndiyo inayokamilisha uzito. Watu wa vipimo wakija kukagua wanagonga muhuri wao hapo hapo juu ya risasi, kwa maana kwamba jiwe hili ni la kweli, muuzaji huyu ni wa kweli. Mama huwa anaufuta muhuri huo kwa kitambaa kama mtu anayefuta picha ya harusi.

Mama alikuwa amekwenda Dabani kununua wimbi. Mimi nikawasha jiko la makaa.

Jiwe lilipopata moto sawasawa nililigeuza kwa koleo, na risasi ikatoka na muhuri wake, inang'aa kama maziwa ya shetani. Nikaimimina kwenye umbo nililochonga kwa udongo wa kichuguu. Pua ya Askofu! Laini, nzito, nzuri mno! Kisha nikakanda posho na unga wa makaa na rangi ya viatu, nikaisukuma tunduni, nikaisawazisha kwa kijiko, nikalipaka jiwe lote masizi na mafuta. Hata mimi mwenyewe ningedanganyika.

Nilijiambia, nani anaangalia chini ya jiwe?

Jumamosi Askofu alimwacha Emoru kwenye sakafu ile mpaka nikamwonea huruma. Pua haikunyanyuka hata unywele! Emoru alilikagua gari langu kipande kwa kipande akitafuta cha dukani, hakukipata. Nilirudi Busia nikijiona mimi ndiye niliyeuchonga Mwamba wa Tororo kwa mkono.

Na mama, Jumatatu, akaendelea kupima.

Sasa fikiria. Jiwe limepungua, kwa hiyo kila anapopima kilo mbili, mteja anakosa konzi moja ya njugu. Kilo mbili nyingine, konzi nyingine. Mama hajui. Anapima kwa moyo safi, anasema "Mungu akubariki," huku anaiba. Mimi ndiye niliyemfanya mama yangu mwizi, na yeye hana habari!

Mteja wake mkubwa ni Mama Atieno, anayekaanga njugu upande wa Kenya. Huwa anaagiza kwa simu, na Mzee Okumu anapeleka. Siku moja alikuja mwenyewe kwa miguu. Nilikuwa nimetoka shule, nimeketi juu ya gunia, natafuna.

"Mama Nekesa, aki mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Lakini njugu zinapungua. Nimepima kwangu mara tatu."

"Zinapungua? Kwangu hapa? Banange! Mimi napima mbele ya watu, mchana, kila mtu naona!"

"Sasa zinapungulia wapi?"

Kama waliovutwa kwa kamba moja, wote wawili wakageuka kumtazama Mzee Okumu aliyekuwa anafunga mzigo kwenye baiskeli yake.

Nikaacha kutafuna.

"Okumu," mama alisema, "wewe nafungua magunia yangu njiani?"

"Mimi?"

"Hapa zinatoka zimetimia. Kule zinafika zimepungua. Katikati ni nani?"

Mzee Okumu alitoa mikono kwenye kamba. "Mama Nekesa, nimevusha mizigo yako tangu huyu mtoto yuko mgongoni kwako. Nikitaka njugu si nakuomba?"

"Shusha mzigo wangu."

"Mama Nekesa..."

"Nimesema shusha!"

Akashusha. Gunia kwa gunia, mwenyewe, na mimi nimekaa pale pale! Mdomo ninao, ulimi ninao, ulimi ule ule unaoigiza mwalimu mkuu. Unajua nilichofanya? Niliondoka kwa sababu eti nina kazi ya hisabati.

Soko likisikia jambo asubuhi, mchana mji mzima wa mpakani unalo. Wanawake wengine nao wakamnyima Mzee Okumu mizigo. Kila nilipotoka shule nilimkuta kando ya barabara, baiskeli tupu, wenzake wanampita wamejaa mpaka juu. Na bado alikuwa ananiita!

"Vipi, injinia! Gari linakimbia?"

"Linakimbia, mzee."

Ningeweza kurekebisha. Hilo ndilo linaloniuma! Ningeiyeyusha pua ya Askofu, nikairudisha risasi, nikasema ukweli hata kwa sauti ndogo. Lakini Emoru alikuwa ameomba marudiano. Nikapima moyoni: Mzee Okumu upande huu, marudiano upande ule. Marudiano yakawa mazito. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki iliyofuata Mama Atieno alivuka tena, safari hii amebeba jiwe lake mwenyewe la kilo mbili kwenye kikapu.

"Leo tumalize," akasema. "Okumu hagusi mzigo tena, na njugu bado zinapungua. Weka lako huku, mimi niweke langu huku."

Watu wakajaa. Mama aliweka jiwe lake kwa nguvu, kidevu juu. Mama Atieno akaweka lake taratibu.

Jiwe la mama likapanda juu kama lina mabawa.

Mama alilinyanyua, akaligeuza. Posho ilikuwa imekauka na kupasuka, na aliposugua kwa kidole kipande kikaanguka chini. Kuku wa jirani akaja mbio akakimeza!

Soko lote likaangua kicheko. Hata mimi, laana zangu, nilitaka kucheka. Mama hakucheka. Alitia kidole tunduni, akakinusa, akasema polepole, "Hii ni posho."

Hapo mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Ni Okumu huyo! Si huwa anapumzika hapa kwenye meza yako? Amelitoboa ili mkosane!"

"Ndiyo, Okumu!" mwingine akadakia. "Mleteni!"

Vijana wawili walikuwa wameshaanza kutembea kuelekea barabarani, alikokuwa ameketi. Unajua watu wa soko wakishapata jina la mwizi. Na yule hawezi kukimbia.

Nilipiga kelele. Haikuwa sauti ya mwalimu mkuu, ilikuwa yangu, na ilipasuka katikati kama ya jogoo mdogo. "Ni mimi! Mwacheni! Nilitoa risasi nikaweka kwenye gari langu! Ni mimi!"

"Gari gani?" mtu akauliza. "Huyu ana gari?"

Nilikimbia nyumbani nikamleta Askofu mbele ya watu wote. Mama Atieno alilishika, akaligusa pua. "Wewe," akasema, "kichwa unacho. Kimejaa takataka, lakini unacho."

Mama hakunipiga. Ningeomba anipige! Alivua aproni, akatembea mpaka barabarani, na pale, mbele ya malori na wapanda boda, mama yangu akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya Mzee Okumu. Sikusikia alichosema. Niliona tu Mzee Okumu anamshika mkono anamwambia ainuke, naye hainuki.

Siku zilizofuata mama hakuuza. Alikuwa anawatafuta wateja mmoja mmoja, anawaongezea konzi zao, anaeleza, wengine wanaelewa, wengine wanaguna. Wapo walioenda kununua kwingine na hawajarudi mpaka leo ninapoandika. Mimi nasukuma baiskeli ya Mzee Okumu kila nikitoka shule, mpaka ng'ambo na kurudi, imejaa. Wanafunzi wenzangu wananipigia honi kwa midomo.

Wewe unayejenga kitu, gari, redio, ndege, chochote: ng'oa kwenye vilivyokufa. Using'oe kwenye kitu ambacho mtu anakitegemea ili aaminiwe. Na ukishang'oa, sema siku hiyo hiyo! Usingoje kuku aje akusemee. Mjinga anayesema mapema anachapwa. Mjinga anayenyamaza, mtu mwingine anachapwa kwa niaba yake, na huyo mtu anaendelea kukusalimia vizuri.

Jioni ile ya siku niliyokiri, mama alilisafisha jiwe lile tupu kwa kitambaa, akaliweka mezani katikati yetu. Kisha akasema hivi, neno kwa neno:

"Jiwe mimi nitapeleka, watajaza risasi, watapiga muhuri upya. Lakini nilimwita Okumu mwizi, na wewe ulikuwa pale na mdomo wako mzima. Kuanzia kesho asubuhi, kabla hujanisalimia mimi, unakwenda kumsalimia Okumu. Siku yeye atasema inatosha, ndiyo utarudi kuniita mama."