Mrina Asali Asiyepanda Mti

Saa moja na nusu asubuhi, katika pori lililo nje kidogo ya Sibwesa, wilayani Mpanda, Telesphor Kasanda anafunga jiwe kwenye kamba na kulirusha juu ya tawi. Linakosa. Analirusha tena, linakosa. Anakaa chini, anaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo ya moyo wake.

"Hajambo," anasema, akiuzungumzia moyo kama mtu, kisha anasimama. Mara ya tatu kamba inapita.

Mkewe, Nyamizi, na jirani yao Skolastika, ambaye ni mjane, wanavuta. Mzinga wa gogo unapanda taratibu. Telesphor, mwenye miaka 46, kazi yake ni kufunga fundo. Hakuna aliyepanda mti, na hapo ndipo wanaume wa Sibwesa wanapochekea.

Kwa miaka ishirini yeye ndiye aliyekuwa akiwacheka wenzake. Alipanda miti ambayo wengine waliiogopa, akatundika mizinga 38. Halafu mwaka 1995, miaka mitatu kabla ya asubuhi hii, miguu ikavimba, pumzi ikakata, akapelekwa Tabora kwa treni akiwa amelazwa sakafuni. Madaktari walimwambia moyo umetanuka na kwamba asipande mti tena maisha yake yote.

Alikaa hospitali miezi miwili. Aliporudi, hofu ilimtesa kuliko ugonjwa. Alilala ameketi, mgongo ukutani. Watoto wakicheka aliwafokea, kwa sababu walimzuia kusikia mapigo.

"Nilikuwa nausikiliza moyo kama mtu anayesikiliza mwizi nyuma ya nyumba," anasema. "Sikuumwa siku hizo. Niliogopa tu. Na kuogopa kunachosha kuliko kulima."

Hospitali hawakumpa dawa ya hofu. Aliyemtoa kitandani, bila kujua, ni mdogo wake Ponsian.

Kila mrina wa huku huchonga alama yake kwenye mzinga. Akifa, ndugu huisugua alama hiyo na kuchonga yao, kwa sababu mzinga wa marehemu huibiwa mchana kweupe. Habari zilipofika Sibwesa kwamba Telesphor harudi, Ponsian alichukua shoka akasugua alama kwenye mizinga yote 38 na kuchonga yake. Kaka yake alikuwa bado hai, wodini, akinywa uji.

Telesphor alipoambiwa hayo, aliamka akajikongoja hadi kwenye mti wa kwanza kujionea. Alitaka kumchapa mdogo wake, akashindwa hata kunyanyua fimbo. Wazee wakaamua mizinga irudishwe. Ponsian hakubisha.

"Alisema, 'Ni yako, kaka. Panda ukaichukue,'" anakumbuka Telesphor. "Nililia. Sioni aibu kusema. Halafu nikamwambia abaki nayo, mimi nachonga mingine."

Mizinga miwili ya kwanza aliyoitundika kwa kamba iliraruliwa na nyegere. Akajifunza kuining'iniza mbali na shina, mahali mnyama hafiki. Vijana wakaiita mizinga ya vikongwe. Leo anayo 14, na tisa ina nyuki. Wakati wa kurina, unaushusha mzinga hadi chini, unapuliza moshi, unakata masega na kuurudisha juu.

Jambo lililomshangaza Nyamizi ni kwamba mumewe alimwita waende pamoja porini. Zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kushika kamba yake. Sasa Skolastika ana mizinga mitatu yenye alama yake mwenyewe.

"Nilikuwa mjinga mwenye afya," anasema Telesphor. "Sasa ni mgonjwa, lakini naona watu."

Hofu haijaisha. Nyamizi anasema bado kuna siku mumewe anashtuka katikati ya chakula na kushika kifua. Zamani angeenda kulala siku tatu. Siku hizi anasubiri, anamalizia ugali, anachukua shoka.

Kabla ya mvua anataka kutundika mizinga ishirini zaidi. Mwezi uliopita, alipokwenda Mpanda mjini kupimwa, daktari alimshauri apumzike, kazi awaachie wenzake. Telesphor alimjibu kwamba anachonga kwa mti wa mninga, na mzinga wa mninga hudumu miaka ishirini, kwa hiyo lazima awepo kuurina.

"Daktari alicheka," anasema, akitafuta jiwe jingine la kurusha. "Mimi sikucheka."