Ushuhuda wa Tekla Kwenye Mlima wa Ipogolo

Tekla Kalinga wa Ilomba, Mbeya, alikuwa na sauti, hilo hata wabaya wake hawakulikataa. Kutwa yuko kibandani kwake anauza wali maharage na kucheka na wateja, lakini Jumamosi asubuhi humtambui. Raba miguuni, kilemba kimekazwa kichwani, yuko mbele ya watu wa jogging wa Ilomba. Yeye anaimbisha, kundi zima linaitikia. Na kundi lile lina sheria yake ambayo haijaandikwa popote: wimbo ukiwa unaendelea, hasimami mtu. Ukisimama Tekla akiwa anaimba, utataniwa mpaka ujute kuzaliwa.

Presha ndiyo iliyompeleka kwenye jogging. Zahanati walimpa vidonge, wakamwambia na mwili nao autumikishe. Akafanya yote mawili. Akapungua, usingizi ukarudi, vipimo vikawa vizuri, na hapo ndipo akili ilipomruka. Sasa anywe dawa ya nini na haumwi? Akaacha. Mwenyekiti wao Budeba, mtu wa maneno matamu kama asali, akamsimamisha mbele ya watu atoe ushuhuda, vilevile kama kanisani. Tekla akashika kipaza sauti: "Vidonge nimetupa chooni! Jogging ndiyo dawa!" Vigelegele vikapigwa. Budeba alikuwa anarekodi kwa simu, na kabla jua halijazama video ilishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Mbeya mpaka Iringa.

Kilichofuata hakikurekodiwa na mtu. Siku moja Tekla anapakua wali, sahani ikamponyoka, kibanda kikaanza kuzunguka. Kule zahanati nesi Esnath akamfunga mkanda mkononi, akaangalia mashine, akamwangalia Tekla, akaiangalia tena mashine.

"Nani alikwambia uache dawa?"

"Si nilikuwa nimepona, nesi."

"Ulikuwa unaendelea vizuri kwa sababu ulikuwa unakunywa, mama. Mazoezi yanaisaidia dawa, hayaifukuzi kazi. Usiache tena bila kuja kuniuliza."

Tekla akarudia vidonge vyake kimyakimya, akawa anavificha kwenye sidiria kama kitu cha wizi. Alimwambia Budeba peke yake, akamwomba aifute ile video. Budeba akakuna kichwa. "Mama Kalinga, fulana za bonanza la Iringa zimeshachapishwa na maneno yako. Twende kwanza, tukirudi tutajua la kusema." Na Tekla, Mungu amsamehe, akakubali. Alikuwa ameshazoea kushangiliwa, na aibu ilimfunga mdomo.

Basi wakaenda Iringa. Wenyeji wao, kundi la Mlandege, waliwapokea chini Ipogolo, mahali barabara inapoanza kuparamia mlima kwenda mjini. Mpango ulikuwa wapande wote pamoja mpaka Mlandege, wakifika ndipo Tekla atoe ushuhuda wake. Baridi ilikuwa inauma masikio. Kila kifua kilikuwa kimeandikwa JOGGING NDIYO DAWA, na kila Tekla alipogeuka alikutana na maneno yake mwenyewe. Alitamani ardhi ipasuke.

Katikati ya wale wenyeji akatokea Lea, dada wa mumewe. Wawili hawa walikuwa na utani wa mawifi usio na breki. Walishawahi kutaniana msibani mpaka mchungaji akawatolea macho.

"We mke wa kaka, umenenepa au fulana imebana?"

"Imebanwa na wivu wako!"

Wakakumbatiana. Lea akamnong'oneza sikioni, "Nilitaka nikushtukize, ndiyo maana sikukwambia kama na mimi nakimbia siku hizi. Ile video yako nimeikariri, wifi. Vidonge vyangu nimetupa. Tangu Pasaka sijagusa."

Alijua presha ya Lea. Ilikuwa mbaya kuliko yake. Akafungua mdomo aseme, filimbi ya Budeba ikalia, watu wakaanza kusogea, na wote wakawa wanamwangalia yeye aanze wimbo. Akaanza.

"Nani kachoka?"

"Hayupo!"

Mlima wa Ipogolo hauna utani. Kabla hawajafika mbali mapaja yalishaanza kulalamika. Tekla akapunguza mwendo mpaka akawa sambamba na Lea, akamtazama kwa pembeni. Lea alikuwa anatoka jasho ambalo halikuendana na ile baridi, na mdomo wake ulikuwa umepauka.

"Wifi, kaa pembeni upumzike."

"Ili uniache nyuma? Hunipati!"

"Sikutanii, Lea. Mimi nakunywa vidonge. Nilivirudia zamani."

Lea akacheka kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo. "Mwongo wewe! Unataka nisimame, ukawatangazie Mbeya kwamba mawifi zako wa Iringa wazembe."

Jamani! Ukweli ule, na umechukuliwa utani! Miaka yote waliyokuwa wakidanganyana na kuchekana sasa ilikuwa imemgeukia. Tekla alitaka kulia. Nyuma yao watu walikuwa wanadai wimbo.

"Nani kachoka?" akaita.

"Hayupo!"

Lea aliitikia kwa midomo tu, sauti haikutoka. Mkono wake ukapanda kifuani, ukawa unasugua, kisha ukashuka kushika bega la kushoto. Miguu iliendelea kukimbia kwa ubishi. Alikuwa mwanamke wa kufa na tai shingoni, wifi yake huyu, na kama wimbo ungeendelea, asingesimama.

Mbele yao Budeba alikuwa anakimbia kinyumenyume na simu mkononi. "Tuko laivu, ndugu zangu! Mama mwenyewe wa ushuhuda ndiye huyu!"

Tekla akaiona ile simu. Akilini akawaona mumewe na wateja wake na Ilomba nzima wakimtazama. Akamwangalia tena Lea. Akasimama.

Wimbo ukakatika. Watu wa nyuma wakagongana. "Imba, mama!" mmoja akapiga kelele. "Mama wa Mbeya kazimika!" Tekla akaingiza mkono kifuani, akatoa kikaratasi cha vidonge, akakiinua juu wote wakione.

"Hivi ni vidonge vya presha! Vyangu! Leo asubuhi nimekunywa. Niliacha, nikaanguka, nikarudia, nikawaficha. Aliyetupa dawa kwa ajili yangu akae chini sasa hivi!"

Lori likawapita likiguna na mlima. Budeba akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tuko laivu."

"Acha iwe laivu!"

Lea alikuwa anakitazama kile kikaratasi. Alikijua, vyake vilikuwa vya rangi ileile. Hakucheka tena. "Kweli, wifi?" akauliza, na hapohapo magoti yakamlegea. Tekla akamdaka, wakakaa wote wawili kwenye majani ya pembeni. Hatua chache kutoka pale mzee mmoja wa Mlandege, Saulo, naye akakaa chini bila kumwangalia mtu usoni.

Bajaji ikasimamishwa. Njia nzima Tekla alimshika Lea mkono, akimsemesha, akimtukana, akimbembeleza, akimwita majina yote ya utani waliyowahi kuitana. Lea hakujibu hata moja. Walipofika hospitali akaingizwa ndani, mlango ukafungwa, Tekla akabaki kwenye benchi na ile fulana yake. Aliigeuza ndani nje akaivaa hivyohivyo. Akasali, akasahau maneno katikati, akaanza upya.

Hatimaye daktari akatoka.

"Yupo," daktari akasema. "Presha ilikuwa imepanda vibaya sana, na moyo umeelemewa. Tunamlaza. Ila angeumaliza ule mlima, mama, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mengine."

Akaruhusiwa kumwona. Lea alikuwa amelala na nyaya kifuani, uso umemsawajika kwa uchovu. Tekla akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, wifi. Nilijiona mjanja, kumbe nakuua."

Lea akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa na jambo lingine, na lilikuwa linamtesa. "Ile video," akasema kwa shida, "nilimtumia mama."

Mama mkwe wake! Kule Kilolo, bibi mwenye presha ya miaka mingi, na simu aliyonunuliwa na wanawe. Tekla akatoka mbio mpaka koridoni, akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, nesi anamfokea asizibe njia. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Kamwene, mwanangu!" Sauti ya bibi ilikuwa inahema, imejaa furaha, na nyuma yake vilisikika vicheko na vishindo vya miguu. "Umetukuta mazoezini. Akina mama wote wa jumuiya tuko hapa uwanjani!"

"Mama, simameni! Kaeni chini wote, nakuomba. Ni nani hapo kati yenu aliyeacha dawa?"

Vishindo vikakoma. Bibi akawauliza wenzake kwa Kihehe, na Tekla akasikia sauti zikijibu, moja baada ya nyingine. Kisha bibi akarudi kwenye simu, furaha imemtoka.

"Sote, mwanangu," akasema. "Si ulisema?"