Lango la Kwa Verelisi

Évariste alikuwa mlinzi ambaye hakufunga mlango wake mwenyewe. Jambo hilo lingechekesha mahali pengine, lakini bwana huyu aliishi Turffontein, kusini mwa Johannesburg, mtaa ambao hata mwenye banda la kuku hulitia kufuli. Mchana kutwa alikaa kwenye geti la nyumba za wenye nazo, akiinua mti wa kizuizi na kuushusha, akiuliza kila dereva anakwenda kwa nani. Akirudi kwake, komeo halimjui. Mkewe Agnès, msusi wa nywele, humsubiri asinzie ndipo anyanyuke atie komeo, na asubuhi hulikuta limetolewa, na kiatu kimewekwa mlangoni usijifunge. Wengine hugombana kwa michepuko, hawa waligombana kwa komeo.

Sababu hakuisema. Alichosimulia, tena kwa raha zake zote, ni nyumba ya kwa Verelisi.

Verelisi alikuwa Mbelgiji, Mflamandi, aliyepanda milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na ng'ombe wake wa maziwa baada ya vita vikuu vya pili. Hakutaka nyumba ya kawaida ya mzungu, yenye baraza na maua. Alitaka shamba la baba yake kama lilivyokuwa kwao. Alikuwa na picha yake moja, na kwa picha hiyo aliwasimamia waashi wa Kivu, wakafyatua matofali na kuyachoma palepale kilimani. Likasimama jengo la pande nne lililozunguka ua: upande mmoja nyumba ya bwana, wa pili zizi, wa tatu ghala refu la majani makavu, wa nne banda la mikokoteni na chumba cha jibini. Madirisha yote yalitazama ndani. Ukiwa nje uliona ukuta mtupu, chini umepakwa lami nyeusi kuzuia unyevu, juu chokaa, na vyuma vinavyoshikilia boriti vimekunjwa vikawa tarakimu za mwaka wa kujengwa, 1948. Paa lilikuwa la vigae, mwinamo mkali, ili theluji iteleze. Masisi haijaona theluji tangu Mungu aiumbe.

Halafu samadi. Katikati ya ua, mbele kabisa ya mlango wa bwana, ndipo lilipokaa lundo la samadi, na wake wa vibarua walicheka mpaka machozi, kwamba mzungu mzima anafungua dirisha asubuhi kutazama mavi ya ng'ombe. Ndivyo walivyojenga kwao. Samadi ilikuwa mali, na mwenye mali alitaka kuiona.

Lango lilikuwa moja tu. Lilikuwa la mbao nene, pana la kupitisha mkokoteni uliojaa, na juu yake kishubaka chenye sanamu ya Bikira Maria. Ufunguo nao ulikuwa mmoja, maana Verelisi aliwahi kuibiwa jibini akaapa haitatokea tena. Sheria yake ilikuwa fupi: mwenye ufunguo akitoka, hata kama anakwenda kujisaidia, anafunga nyuma yake na ufunguo anakwenda nao.

Mwaka 1973 mali za wageni zilipochukuliwa na serikali, Verelisi alimkabidhi ufunguo Elisée, baba yake Évariste, akasema atarudi. Hakurudi. Elisée hakuwahi kuhamia nyumba ya bwana hata siku moja. Alilala na wanawe kwenye banda la mikokoteni huku vitanda vya bwana vikiliwa na mchwa, na kila Pasaka alipaka ukuta chokaa na lami kama vile mwenyewe yuko njiani. Ujinga? Sema utakavyo. Bonde zima lilimheshimu kwa hilo, na alipokufa ufunguo na sheria yake vikaenda kwa Évariste.

Hapo ndipo Évariste alipoishia kila alipoisimulia nyumba ile. Binti yake Glody, aliyezaliwa Johannesburg na aliyejibu Kiswahili kwa Kiingereza, aliijua hadithi hiyo kuliko jina la bibi yake. Hata ufunguo wenyewe aliuona, chuma kirefu kupita kiganja, umefungwa kitambaa ndani ya sanduku la nguo. Baba alisema ni ukumbusho. Shangazi Arlène, alisema, alifia motoni kule wakati wa vita, nyumba imejaa majirani, siku yeye alipokwenda bondeni kumchukua bibi. Basi.

Kilichobaki hakumwambia mtu, ila wewe lazima ukijue.

Mwaka 1996, watu wenye bunduki walipokuwa wakipita vijijini, majirani walikimbilia kwa Verelisi. Mahali gani pengine palikuwa na kuta nene namna ile? Wakajaa uani, wengine wakalala ghalani juu ya majani makavu, na Arlène, dada yake Évariste, akawapikia uji. Mama yao alikuwa bado bondeni. Évariste akashuka kumchukua, na alipotoka alifanya alichofundishwa tangu utoto: akafunga, ufunguo akautia mfukoni. Kule chini njia ilikatwa kwa risasi, akajilaza kwenye shamba la maharagwe, na alipoinua kichwa aliuona moshi kilimani. Ghala lilishika kwanza. Hakukuwa na dirisha la kutokea upande wowote. Waliopona ni watoto wachache wembamba waliopenya kwenye tundu la kupitishia maji ya samadi. Arlène hakuwa mwembamba.

Hivyo ndivyo alivyofika Afrika Kusini, na ufunguo mfukoni. Akakuta jiji zima limejengwa kama kwa Verelisi. Kila nyumba imeipa barabara mgongo, ukuta mrefu, nyaya za umeme juu, nondo madirishani, geti moja la chuma. Wengine waliziona nyumba hizo wakatamani. Yeye alihesabu pa kutokea, na mara nyingi hesabu ilikuwa moja.

Nyumba waliyopanga ilikuwa hivyohivyo. Ilikuwa ya zamani, ya bati jekundu, imegawanywa vyumba. Chumba kimoja Évariste na familia yake, cha pili Biubwa, mjane wa Tanga aliyeshona na kuuza vitenge, cha tatu Jumbe, mzee wa Dar es Salaam aliyekuwa na maumivu ya goti na maneno mengi. Mwenye nyumba aliishi mbali, akasema ufunguo wa geti ukae kwa Évariste, si ndiye mlinzi? Évariste aliupokea kama mtu anayepewa nyoka ashike. Geti alilifunga kwa ajili ya wenzake, lakini mlango wa chumba chake, hapana.

Mwanzoni mwa Septemba 2019 makundi ya wenyeji yalianza kuvunja maduka ya wageni katikati ya jiji, kisha moto ukateremka kusini. Siku hiyo Évariste alikuwa mapumzikoni. Saa nane mchana Biubwa aliingia uani anahema, mtandio begani.

"Wako kwenye robot, zile taa za barabarani pale juu," alisema. "Wana marungu na madumu ya petroli. Baba Glody, funga geti tuzime redio tukae kimya. Watapita."

Évariste alikuwa ameshasimama. "Tutoke," alisema. "Wote. Twende kituo cha polisi."

"Tutoke twende wapi na vyombo vyote hivi? Cherehani zangu mbili ziko ndani, mabunda ya watu yako ndani. Ukuta huu na nondo hizi ni za nini?"

"Dada Biubwa, ukuta hauzuii petroli."

"Geti wazi ndilo litazuia?" Jumbe aliuliza kutoka kizingitini. "Wewe ni mlinzi au ni nani? Funga, bwana."

Agnès alikuwa amemshika Glody mkono. Alimtazama mumewe na kwa mara ya kwanza alimwogopa, kwa kuwa uso wake ulikuwa umekauka. "Baba Glody," alisema taratibu, "nipe ufunguo mimi nifunge."

Sauti zilisikika sasa, kuimba na vioo kuvunjika, mtaa wa pili. Biubwa akamwendea Évariste akamtia mkono mfukoni kuutafuta ufunguo, mwanamke wa heshima zake, haya zote kaziweka kando. Évariste akamsukuma. Akaenda kwenye geti, akaingiza bega chini ya chuma cha katikati na kuinua, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka bawaba zikachomoka kwenye pini zake. Geti likaanguka barabarani kwa kishindo. Sasa hapakuwa na cha kufunga.

"Umetuua," Biubwa alisema. "Mungu anakuona."

Lakini walitoka. Nani angekaa kwenye nyumba isiyo na geti? Évariste alimbeba Jumbe mgongoni, naye mzee akamtukana njia nzima, sikioni, mpaka kituoni. Walikaa uani kwa polisi pamoja na watu wengine wa mtaa mpaka kesho yake.

Waliporudi walikuta nyumba imesimama. Haikuchomwa. Ilikuwa imefagiwa. Cherehani hakuna, mabunda hakuna, magodoro, masufuria, televisheni ya Jumbe, mashine ya Agnès ya kukaushia nywele, hata pazia. Waliopita walikuta njia nyeupe, wakaingia na kutoka na mizigo kama watu wanaohama. Petroli hawakuhitaji kuimwaga.

Biubwa aliketi sakafuni katikati ya chumba kitupu. Hakulia. "Nyumba ya jirani ilifungwa," alisema. "Nenda kaitazame. Walilipiga geti mawe wakachoka wakaenda zao. Wenyewe walikuwa ndani na vitu vyao vyote, leo asubuhi wanakunywa chai. Wewe umewafungulia, Baba Glody. Umewakaribisha."

Évariste angesema nini? Kwamba nyumba yenyewe ingeweza kuchomwa? Ingeweza, lakini haikuchomwa, na kifo ambacho hakikutokea hakina shahidi. Aliomba radhi. Akasema atafanya kazi zamu mbili azilipe cherehani. Biubwa akamwambia asimwite tena dada.

Maneno husafiri. Kanisani walisema Évariste alikuwa na mapatano na wale vijana, vinginevyo mtu anang'oaje geti lake mwenyewe? Mwenye nyumba akamwambia ahame. Hata Jumbe, aliyebebwa mgongoni kama mtoto, alieleza kila mtu jinsi alivyoibiwa kwa sababu ya Mkongo mmoja mwenye wazimu. Inauma, lakini ndivyo watu walivyo wakishapoteza kila kitu. Lazima apatikane mtu wa kumtupia lawama.

Walipata chumba Rosettenville, nyuma ya gereji, kina mlango mmoja wa bati. Jioni ya kwanza Glody alilala juu ya makoti. Agnès alikuwa ametia komeo na Évariste alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, akilitazama. Hakuwa na nguvu za kugombana tena. Jasho lilikuwa likimtoka.

Agnès alifungua mfuko wa vile vichache alivyookota. Akatoa kitambaa, na ndani yake ufunguo wa kwa Verelisi.

"Wamechukua mpaka sanduku," alisema. "Hiki wamekitupa sakafuni. Chuma tu, nani angekitaka."

Akaupima mkononi. Alikuwa ameisikia nyumba ile miaka yote, chokaa yake na lami yake, madirisha yake ya kutazama ndani, samadi yake. Angeweza kuijenga yeye mwenyewe. Sasa aliizunguka kichwani, ukuta hadi ukuta, na kila alipotafuta pa kutokea alirudi palepale.

"Baba Glody. Lango lilikuwa moja?"

"Moja."

"Na ufunguo ni huu. Hapakuwa na mwingine."

"Hapakuwa na mwingine."

Nje gari lilipita, mwanga wake ukaingia chini ya bati na kutoka. Agnès alimsubiri amtazame, lakini hakuinua macho.

"Siku ile ulipokwenda kumchukua mama," aliuliza, "Arlène na watu wako ndani. Ulipotoka, ulifunga?"

"Nilifunga," Évariste alisema.

Agnès aliufunga tena ufunguo kwenye kitambaa. Hakumgusa, hakumwambia si kosa lake, kwa kuwa hakujua kama si kosa lake. Alimwonea huruma na alimwogopa, vyote pamoja. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akatoa komeo, akavua kiatu chake kimoja akakiweka kwenye ufa wa mlango.